Shajara ya mradi: kumbukumbu za bunge la jimbo, Sudan Kusini

Februari 2023. Tulipoanzia

Kazi hii ni ya ushauri kwa bunge moja la jimbo upande wa Equatoria. Jina la jimbo, la mfadhili na la watu nayaacha, kwa kuwa nimekusudia kuandika zaidi yaliyokwama kuliko yaliyofaulu, na hao watu bado tunafanya kazi pamoja. Anayetaka kuiga, hasa karani au mhariri wa hansadi (kumbukumbu ya mjadala wa bunge, neno kwa neno) anayetumwa kwenye bunge changa, anaweza kuzipitia haraka sehemu za vifaa akatulia kwenye sehemu za watu.

Usuli kwa ufupi. Nchi ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na vita vikalipuka Desemba 2013. Mabunge ya sasa yametokana na mkataba wa amani uliotiwa saini Addis Ababa Septemba 2018. Bunge la taifa kule Juba lilipanuliwa hadi viti 550: upande wa serikali iliyokuwapo 332, SPLM/A-IO, kundi la waasi wa zamani la Riek Machar, 128, muungano wa upinzani wa SSOA 50, vyama vingine 30, na waliokuwa wafungwa wa kisiasa 10. Majimboni viti viligawanywa kwa asilimia kati ya makundi manne ya kwanza, kwa mpangilio huohuo: 55, 27, 10 na 8. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa Aprili 2010, wakati nchi ingali sehemu ya Sudan, kwa hiyo wengi wa waheshimiwa hawajapigiwa kura na mtu. Wameteuliwa na makundi yao, na makundi hayohayo yanaweza kuwaondoa. Sentensi hii ya mwisho naomba msomaji aishike. Sikuipa uzito nilipofika, na karibu kila kilichotukwamisha kinarudi hapo.

Mimi natoka Kenya. Nilianza 2013 katika bunge la kaunti, mwaka ambao mabunge yote 47 yalifunguliwa kwa mpigo, mengine yakikaa katika kumbi za halmashauri zilizovunjwa. Ndiyo sababu nilichaguliwa: niliwahi kuona bunge likianza bila kabati la faili.

Hapa kabati lipo. Ukumbi una paa zima, siwa, yaani rungu la Spika, imechongwa kwa ustadi, viti ni vya plastiki. Nililouliza kwanza ni kikao kilichopita kiliazimia nini. Karani alikumbuka azimio kuhusu ushuru unaotozwa kwenye vizuizi vya barabarani. Naibu Spika alikumbuka kwamba hoja hiyo iliahirishwa. Hati ya kuwaamua haikuwapo.

Hadidu za rejea ziliandikwa Nairobi kabla yetu: kuanzisha hansadi kamili, kuandika upya Kanuni za Kudumu zinazoongoza vikao, kuimarisha Kamati ya Hesabu za Umma inayochunguza matumizi ya serikali, na kuwapa waheshimiwa mafunzo. Zaidi ya nusu ya bajeti ilikuwa ya mafunzo.

Mei 2023. Hansadi

Vifaa: vinasa sauti viwili vya mkononi, maikrofoni za mezani, spika mbili, paneli za sola na betri, kompyuta za mapajani tatu, printa moja. Jumla karibu dola 7,000 pamoja na usafirishaji kutoka Kampala kupitia Nimule. Maikrofoni za mezani zilikuwa hasara tupu. Vumbi liliingia kwenye vitufe, na waheshimiwa wakasahau kuzizima, ukumbi mzima ukasikia mazungumzo ya pembeni. Vinasa sauti vya mkononi, vinavyotumia betri za kawaida za dukani, vimefanya kazi bila taabu. Kama ningenunua upya ningenunua vinne vya aina hiyo na kuacha maikrofoni kabisa.

Tatizo la pili ni lugha. Katiba ya mpito ya 2011 inafanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi. Mjadala wenyewe, ukishapamba moto, ni Kiarabu cha Juba. Mheshimiwa anaanza kwa Kiingereza cha kuisalimu meza, akifika kwenye kisima kilichoharibika au ng'ombe walioingia shambani anahamia Kiarabu, na akinukuu wazee anahamia lugha ya kwao. Tulijaribu programu ya kunukuu sauti. Ilichukua Kiarabu cha Juba ikakigeuza kuwa Kiarabu cha vitabuni kisicho na maana. Tukarudi kwa mpigachapa anayesikiliza, anatafsiri na kuandika kwa wakati mmoja. Nyumbani, saa moja ya mjadala ilihitaji nusu siku ya kazi ya mtu mzoefu. Hapa ilikula siku nzima, wakati mwingine na kesho yake. Kikao cha pili kilifika cha kwanza kikiwa hakijaisha.

Hata hivyo tungeweza kuvumilia, kwa kuongeza watu. Kilichoiua hansadi ni kingine.

Tulipochapisha rasimu ya kwanza tuliwapa waheshimiwa wasahihishe, kama ilivyo desturi ya mabunge mengi: unasahihisha neno, hubadilishi maana. Mheshimiwa mmoja, mtu wa makamo, mkimya, aliyepata kusoma shule katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na anayezungumza nami Kiswahili, alikuja ofisini na kalamu ya wino. Alikaa, akasoma hotuba yake yote kwa utulivu, kisha akaanza kuikata mstari kwa mstari. Hakusahihisha neno. Alipofika mwisho kilibaki jina lake na neno "Ahsante, Mheshimiwa Spika." Akanirudishia karatasi. "Ustaz, andika kwamba nilikuwepo. Nilichosema, wacha."

Wengine walifanya hivyo bila kuja ofisini: walinyamaza. Kikao kilichofuata, kinasa sauti kikiwa mezani, mjadala uliokuwa wa saa mbili ulikuwa wa robo saa. Sababu haikuwa uvivu wala ujinga, kama mwenzangu mmoja kutoka Ulaya alivyoandika katika ripoti yake ya robo mwaka. Mbunge wa kuteuliwa akiandikwa neno kwa neno anampa kiranja wake, msimamizi wa nidhamu wa kundi, ushahidi wa kumwondolea kiti. Na katika nchi ambayo makundi hayo yamepigana, kuondolewa kiti huenda ndiyo adhabu nyepesi. Hansadi inamlinda mbunge mwenye wapigakura, kwa sababu ndiyo anayorudi nayo nyumbani kuonyesha kazi. Huyu hana wa kumwonyesha. Ana wa kumwogopa tu.

Nilisimamisha unukuzi wa neno kwa neno mwishoni mwa mwezi. Mfadhili hakufurahi, kwani "kurasa za hansadi zilizochapishwa" ilikuwa kipimo katika jedwali lake. Barua za kubadilisha kipimo hicho zilichukua muda mrefu kuliko kufunga sola.

Agosti 2023. Semina na akidi

Semina za waheshimiwa zilifanyika hotelini, mjini, kama zilivyopangwa. Ukumbi, chakula, posho ya siku, nauli. Semina moja ya siku tatu ilitugharimu kama vifaa vyote vya hapo juu.

Mahudhurio yalikuwa mazuri mno. Wiki ile ya semina ya pili, bunge lilikuwa na kikao cha kupokea ripoti ya kamati kuhusu hospitali ya jimbo. Kikao kikakosa akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge inayotakiwa, maana waheshimiwa walikuwa kwetu hotelini wakijifunza umuhimu wa akidi. Siwalaumu. Mishahara ilikuwa imechelewa na posho yetu ya siku moja ilizidi walichokuwa wakipata kwa kitambo. Aliyepanga bei hiyo ndiye aliyepanga na matokeo.

Marekebisho: hakuna tena hoteli. Mafunzo yanafanyika katika chumba cha kamati asubuhi ya siku ya kikao, saa mbili hadi saa nne, chai na mandazi, hakuna posho. Mada ni ya shughuli iliyo kwenye orodha ya siku hiyo hiyo. Kama leo kuna mswada unaosomwa mara ya pili, tunafundisha usomaji wa pili na tunaufanyia mswada huohuo. Mara ya kwanza walikuja wachache sana, na wawili kati yao walikuja kuuliza posho. Baadaye idadi ilipanda pole pole, hasa wabunge wanawake. Mkataba wa amani unawapa asilimia 35 ya nafasi, hapa hawajafikia hapo, na waliopo wamezoea kuambiwa utaratibu umewapita. Walikuwa wa kwanza kutambua kwamba mwenye kujua kanuni hawezi kunyamazishwa kwa neno "utaratibu".

Gharama ya asubuhi moja haifiki dola 40, na nyingi kati ya hizo ni mkaa na sukari.

Novemba 2023. Kaunta buku

Hili ndilo ninalopendekeza liigwe, na ndilo halikuwamo katika hadidu za rejea.

Baada ya hansadi kufa tulibaki na swali la mwanzo: bunge liliazimia nini? Tukanunua kaunta buku za kwaya nne, jalada gumu, dola chache kila moja sokoni. Tukapiga mistari kwa rula. Safu ni saba: nambari ya azimio, tarehe, azimio lenyewe, limetoka kamati gani, nani anatakiwa kutenda, kufikia lini, na jibu lilikuja vipi. Kurasa zimepigwa nambari kwa mkono kabla ya kuanza, ili ukurasa ukichanwa ijulikane.

Toleo la kwanza lilikuwa na safu ya jina la mtoa hoja. Likaleta kimya kilekile cha hansadi. Karani mwenyewe, mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu wa msingi, ndiye aliyesema jina litolewe, iwekwe kamati. Kamati ina watu wa makundi yote manne, haiwezi kuondolewa kiti. Tulipochora mistari upya, hoja zikarudi.

Jambo la pili aliloamua ni kwamba azimio liandikwe hapohapo, kabla bunge halijaahirishwa. Spika akitangaza "wanaokubali wameshinda", karani anaandika kwa Kiingereza, anasimama, anasoma kwa Kiarabu cha Juba, na Spika anatia saini mbele ya wote. Kama maneno si sahihi, ubishi unafanyika wakati ule ule. Mwanzoni ubishi huu ulichukua muda kuliko mjadala. Kulikuwa na azimio moja la kumtaka waziri "aangalie" suala la vizuizi vya barabarani. Karani aliposoma, mheshimiwa mmoja wa nyuma akauliza waziri ataangalia kwa macho gani, na hadi lini. Kicheko. Wakaandika upya: alete mezani orodha ya vizuizi vyote, nani anakusanya, na stakabadhi gani inatolewa, ndani ya siku 30. Azimio hilo ni tofauti kabisa na lile la kwanza, na aliyelibadilisha ni safu ya sita ya daftari: haikubali kubaki tupu.

Jambo la tatu ni kusoma. Kila kikao kinaanza kwa karani kusoma maazimio ambayo safu ya saba bado ni tupu. Husoma kwa sauti moja, bila maoni. Ndani ya miezi miwili mawaziri walianza kutuma watu mapema kuuliza kama nambari zao zitasomwa.

Orodha ya vizuizi ililetwa, kwa kuchelewa na ikiwa pungufu. Iliandikwa hivyo hivyo: "imeletwa, pungufu."

Februari 2024. Kanuni za Kudumu

Tulianza na kanuni za bunge la kaunti yangu kama kiolezo. Nusu ya vifungu vilipita bila shida: kusoma miswada, hati za mezani, maombi ya wananchi. Vilivyokwama ni vile vyenye maneno "Kiongozi wa Walio Wachache". Hapa hakuna walio wachache kwa maana hiyo. Makundi yote manne yamo serikalini, kila moja lina mawaziri wake. Upinzani haupo, ila kila mtu anampinga mtu.

Linaonekana jambo la maneno hadi ufike kwenye Kamati ya Hesabu za Umma. Kwetu mwenyekiti hutoka upinzani, nawe huhitaji kueleza kwa nini. Hapa ukisema hivyo huna wa kumpa. Rasimu ya kwanza ilimpa kundi lenye viti vichache. Makundi mengine mawili yakasema hicho ni kiti cha zawadi na yenyewe yatasusia. Rasimu ya pili ilipendekeza zamu ya kila mwaka. Ikakataliwa na wote, kwa kuwa hakuna aliyeamini kwamba mwaka unaofuata utakuwa kama huu.

Iliyopita ni hii: mwenyekiti asitoke kundi linaloshika Wizara ya Fedha ya jimbo kwa wakati huo, na naibu wake asitoke kundi la mwenyekiti. Wizara ikihama kundi, kiti nacho kinahama. Si kifungu kizuri kukisoma, lakini hakitaji jina la kundi lolote, kwa hiyo kitaishi hata mkataba ukibadilika. Ukiiga, iga hicho.

Juni 2024. Fedha

Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 vilitufikia mfukoni. Februari mwaka huu bomba linalopeleka mafuta ghafi Port Sudan lilipasuka katika eneo la mapigano, na mafuta ndiyo takriban asilimia 90 ya mapato ya serikali. Mishahara ya watumishi ikasimama, pauni ikaporomoka, bei ya petroli ya jenereta ikawa haitabiriki. Tuliacha kukadiria kwa pauni. Printa tunaiwasha mara moja kwa wiki.

Kamati ya Hesabu ilikuwa na bidii na haikuwa na kitu cha kukagua. Ripoti ya ukaguzi wa hesabu za jimbo haikuwapo, na wizara ilikataa kutoa taarifa za benki. Nilikuwa nimepanga mafunzo ya kusoma ripoti ya mkaguzi. Yakawa hayana kazi.

Badala yake tulichukua kitabu cha bajeti ya taifa, chenye jedwali la fedha ambazo Juba inahamishia majimbo: mishahara, uendeshaji, ruzuku za kaunti. Tukaweka safu ya kwanza kilichopangwa. Safu ya pili, kilichopokelewa, tuliiomba kwa wanaopokea: wakuu wa shule, mganga mkuu wa kaunti, makamishna wa kaunti. Kila mjumbe wa kamati akaenda kwao na karatasi moja ya maswali matatu: ulilipwa mwezi gani mara ya mwisho, kiasi gani, nani alileta. Baadhi walirudi na karatasi tupu kwa sababu barabara ilikuwa tope. Nyingi zilirudi zimejazwa, zingine kwa penseli. Jedwali lenyewe ni ukurasa mmoja, lina matundu, na mkaguzi wa kweli angelitupa. Ila lilipowekwa mezani, waziri hakubishana na kamati; alibishana na mganga mkuu, hadharani, kuhusu mwezi. Baada ya hapo taarifa za benki za miezi sita zililetwa zenyewe.

Gharama: nauli za bodaboda na mafuta, karibu dola 600 kwa kamati nzima. Rimu mbili za karatasi.

Septemba 2024. Watu wanaondoka

Uchaguzi uliopangwa Desemba mwaka huu umesogezwa hadi Desemba 2026. Kwetu maana yake ni kwamba waheshimiwa walewale wanaendelea, jambo ambalo kwa kazi ya daftari ni nafuu, na kwa nchi nawaachia wenyewe waseme.

Makarani ndio wanaotutoroka. Ukimfundisha kijana kuandika Kiingereza safi, kupanga faili na kutumia kompyuta, umemfundisha kazi ya shirika lisilo la kiserikali, ambalo linalipa kwa dola na kwa wakati. Wapigachapa wote wawili wa awali wamekwenda. Nyongeza ya mshahara kutoka mradi tuliijaribu kwa robo mwaka tukaiacha: ilileta chuki ofisini, na siku mradi ukiisha wangeondoka wote kwa pamoja.

Sasa tunafundisha wawili wawili, na mmoja wa kila jozi ni mtu wa umri mkubwa mwenye shamba na familia hapahapa: mwalimu mstaafu, mzee aliyekuwa akiandika kesi katika baraza la chifu. Hawa kompyuta inawasumbua. Lakini yule mzee wa baraza ana mwandiko wa kuonea wivu, na kuandika maamuzi huku watu wanazozana si kazi mpya kwake. Ameshika zamu ya kaunta buku tangu wiki ya kwanza.

Aprili 2025. Mwezi mgumu

Machi kulikuwa na mapigano katika mji wa Nasir, Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake Juba, na hofu ikasambaa majimboni. Baadhi ya waheshimiwa wa kundi lake hawaonekani. Mfadhili amesimamisha fedha. Niko hapa kwa siku zilizobaki za mkataba.

Kikao kimoja kilifanyika. Hoja ililetwa ya kutangaza viti vya wasiokuwapo kuwa wazi. Kabla ya mjadala, mheshimiwa wa kundi jingine kabisa, yule aliyekata hotuba yake kwa kalamu mwaka juzi, aliomba utaratibu na kumtaka karani asome azimio la Januari kuhusu ruhusa za kutohudhuria. Lilisomwa: asiyekuwapo kwa sababu ya usalama hahesabiwi mtoro hadi Kamati ya Shughuli isikilize udhuru wake. Spika akasema hoja inasubiri kamati. Haijafutwa, imewekwa kiporo, na wakati wowote inaweza kurudi.

Makabidhiano: kaunta buku tatu zilizojaa na moja iliyoanzwa ziko kwenye kabati la chuma, funguo kwa karani na kwa Naibu Spika. Picha za kurasa zote ziko kwenye flashi mbili, moja nje ya mji. Betri za sola zitahitaji kubadilishwa kabla ya mwisho wa mwaka na hakuna fungu lake. Bila hizo printa itasimama, daftari halitasimama. Jedwali la fedha la mwaka mpya linaanza Julai na karatasi za maswali zimeshachapishwa. Karani ameomba kalamu nyeusi badala ya za bluu, kwa kuwa bluu hufifia. Nimenunua boksi mbili.